Je, wajua kwa nini mchanga uliolowa hugeuka kioo, ila picha yake hutoka hafifu?

Punje za mchanga mkavu hutawanya mwanga kila upande. Wimbi likirudi huacha utando wa maji unaojaza mianya na kusawazisha uso, ndipo mbingu na ngalawa zinapoonekana chini. Utando huo haudumu: maji yakizama, punje huchomoza na kioo huisha. Mara nyingi una sekunde chache tu.

Wengi hukosea urefu wa kamera. Ukipiga ukielekeza kamera chini miguuni, maji hurudisha asilimia 2 hivi tu ya mwanga. Kinachoonekana ni mchanga wenyewe. Mwanga ukija kwa nyuzi 10 juu ya mchanga, hufika asilimia 35 hivi. Kwa nyuzi 5, hupita nusu. Kwa hiyo chuchumaa, kamera iwe sentimita 20 kutoka chini. Simu igeuze kichwa chini ili lenzi ikaribie mchanga.

Mchanga mweupe wa Paje na Jambiani, fukwe za Zanzibar, kwa uzuri wake wote, ni mgumu kupigia picha hizi kuliko mchanga wa rangi ya udongo. Weupe wake hurudisha mwanga mwingi wa jua unaofunika taswira. Dawa ni kupiga kabla jua halijapanda, mbingu ikiwa ang'avu na mchanga bado haujapigwa na jua. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, zinafaa hasa: maji hujaa kwenye saa 10 au 11 alfajiri, hivyo jua likichomoza yanakupwa na kuacha mchanga mbichi. Tafuta pia ukanda ambao maji ya chini ya ardhi huchuruzika kutoka mchangani. Hapo kioo hukaa muda mrefu bila kungoja wimbi.

Fokasi usiiweke mchangani. Taswira ya ngalawa iko mbali karibu sawa na ngalawa yenyewe, maana mwanga husafiri kutoka ngalawa hadi mchangani, kisha hadi kwenye kamera. Gusa ngalawa kwenye skrini. Kwa kamera, tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 na kasi ya shata ya sekunde 1/125 hutosha mwanga ukiwepo. Vua kichujio cha kupunguza mng'ao, maana kazi yake ni kuufuta huo huo unaoutaka. Taswira huwa nyeusi kuliko mbingu, basi pima mwanga kwenye mbingu, kisha ung'arishe sehemu za giza baadaye unapohariri picha.

Nyayo zako ziwe nyuma ya kamera. Miguu ya tripodi huzama maji yakizama, kwa hiyo isukume chini kwanza. Lenzi ikirushiwa maji ya chumvi, ioshe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi kabla ya kukausha; mchanga ukisuguliwa mkavu hukwaruza.