Jalada la mauaji halizeeki, vielelezo ndivyo vinavyozeeka

Panga lililotumika kuua huoshwa bapa, likasuguliwa kwa mchanga, likarudishwa mahali pake. Mpini husahauliwa. Damu hupenya kwenye ufa mwembamba kati ya mti na chuma, ikazunguka ribiti, ikakaukia humo. Miaka 15 baadaye mtaalamu wa maabara akiufungua mpini huo anaweza kukuta vinasaba (DNA) vya marehemu. Anaweza pia asikute kitu, kwa sababu aliyelichukua panga siku ile alilitia kwenye mfuko wa nailoni likiwa bado bichi, likakaa kwenye stoo yenye joto la Tanga, na ukungu ukala kila kilichokuwemo kabla masika hayajaisha.

Mashine ya maabara ni ileile katika hali zote mbili. Tofauti ililetwa na mfuko wa siku ya kwanza. Ndiyo maana jalada la zamani likifunguliwa upya, swali la kwanza huwa ni nini kilihifadhiwa, na nani aliandika kwamba amekihifadhi.

Kwa sheria za Tanzania kosa la mauaji halina ukomo wa muda. Mtu aweza kushtakiwa leo kwa kifo cha mwaka 1995. Ila familia nyingi huambiwa "kesi imekufa" bila kuelezwa imekufaje, na maneno hayo hubeba mambo matatu yasiyofanana. Huenda hakuna aliyekamatwa, na jalada limewekwa kando likisubiri taarifa mpya. Hilo hufunguliwa wakati wowote. Huenda mtu alishtakiwa, kisha Mkurugenzi wa Mashtaka akaondoa shauri kabla ya hukumu. Aliyeachiwa namna hiyo hajaonekana hana hatia, na ushahidi ukipatikana anaweza kushtakiwa upya. La tatu ndilo zito: mahakama ilisikiliza, ikamwachia huru. Hapo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inazuia asishtakiwe tena kwa kosa lilelile juu ya mambo yaleyale, isipokuwa hukumu ile itenguliwe kwenye rufaa.

Uingereza walikuwa na kizuizi kama hicho, wakakilegeza kwa sheria ya mwaka 2003. Stephen Lawrence aliuawa London mwezi Aprili 1993. Gary Dobson, mmoja wa walioshtakiwa kwa mauaji hayo, aliachiwa huru mwaka 1996, hukumu hiyo ikatenguliwa 2011, na Januari 2012 yeye na David Norris wakatiwa hatiani. Sehemu ya ushahidi ilikuwa doa la damu kwenye kola ya koti, lenye urefu wa nusu milimita. Kwetu mlango huo haupo. Kwa hiyo anayeshinikiza mtuhumiwa apandishwe kizimbani upesi, ushahidi ukiwa nusu, huenda anaifunga kesi kwa kufuli lisilo na ufunguo. Na hata rufaa ikishinda, mahakama za Afrika Mashariki zinafuata msimamo tangu mwaka 1966 kwamba shauri halirudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake.

Kinachofanyika jalada likifunguliwa

Watu hudhani kazi huanzia maabara. Huanzia mezani. Karatasi zote hupangwa upya kwa tarehe na saa, si kwa mpangilio zilivyokutwa, na maelezo ya kwanza ya kila shahidi huwekwa kando ya maelezo yake ya pili. Mara nyingi kosa la awali hujitokeza hapo: mpelelezi aliamini jambo moja siku ya pili, na kila alichokiandika baadaye kilifuata imani hiyo. Aliyedhaniwa mwizi wa usiku hakuacha mlango umevunjwa. Aliyesemekana yuko safarini hakuulizwa tiketi.

Kisha orodha ya vielelezo kwenye jalada hulinganishwa na daftari la vielelezo la kituo, yaani PF 16, na lebo iliyofungwa kwenye kila kitu. Mahakama ya Rufani imeeleza kwamba safari ya kielelezo lazima ionekane kwa karatasi tangu kilipokamatwa: nani alikishika, nani alimkabidhi nani, kilipimwa wapi, kikarudi lini. Kiungo kimoja kikikosekana, jibu la maabara hata liwe safi vipi linaweza kuwekwa pembeni. Kesi nyingi za zamani huvunjikia hapa. Nguo ipo stoo, lakini lebo imeliwa na mchwa na hakuna awezaye kuapa kwamba ni nguo ileile.

Vinasaba havihitaji damu ya kujaa kijiko. Vipimo vya kawaida hufanya kazi na nanogramu moja au chini yake, kiasi kinachotoka kwenye seli zipatazo 150. Vinachohitaji ni ukavu. Nguo yenye damu hutandazwa kivulini mpaka ikauke, hufungwa kwenye karatasi ya kaki, na kila nguo hupewa bahasha yake, maana kanga ya marehemu ikikunjwa pamoja na shati la mtuhumiwa, damu ya moja itakutwa kwenye lingine na hakuna atakayejua ilifikaje. Jua kali huharibu vinasaba, nailoni huvundisha. Formalini inayohifadhi kipande cha ini kwa ajili ya kuangaliwa kwenye hadubini huvikata vinasaba vipande vipande. Kwa hiyo kipande cha kupima vinasaba hutakiwa kitengwe, kigandishwe, kisitiwe dawa hiyo.

Kamba ina somo lake, hasa mkoa huu wa Tanga ambako kamba ya mkonge iko kila banda. Fundo halifunguliwi kamwe. Kamba hukatwa mbali na fundo, ncha zilizokatwa na daktari au askari hufungwa uzi wa rangi ili zisichanganywe na zile zilizokatwa na muuaji. Ndani ya mikunjo ya fundo ndimo ngozi ya aliyelikaza hukwama, na namna ya kufunga fundo yenyewe ni ushahidi: baharia, mfunga ng'ombe na mfunga marobota ya katani hawafungi sawa.

Marehemu akiwa ameshazikwa, hakimu anaweza kuamuru kaburi lifukuliwe. Udongo ndio utakaoamua kilichobaki. Mchanga wa matumbawe wa pwani, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani, una chokaa na huitunza mifupa. Udongo mwekundu wenye asidi wa misitu ya Usambara huila mifupa haraka zaidi. Anayefukua huchagua paja, magego yasiyooza, na ule mfupa mgumu wa fuvu unaozunguka sikio la ndani, ambao hushika vinasaba kuliko mingine. Sumu ikishukiwa, huchukuliwa pia udongo wa juu ya mwili, wa chini yake, na mwingine wa mbali na kaburi, maana bila huo wa mbali wakili atasema sumu ilitoka ardhini, naye atakuwa na haki ya kusema.

Mama wa marehemu, akiwa hai, achukuliwe sampuli ya mate mapema. Akifariki, ndugu wa tumbo moja na mama mdogo bado wanafaa kwa sehemu, kwa kuwa kuna vinasaba vinavyorithiwa upande wa mama tu. Utaratibu wa kuchukua na kutunza sampuli hizo umewekwa na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo msimamizi.

Mashahidi, mwezi na maji

Msemo wa Tanga wa waja leo waondoka leo unawahusu mashahidi pia. Mabaharia wamehama bandari nyingine, na vibarua wa kambi za mkonge wamerudi mikoa walikotoka. Muda huwachukua hao, lakini huwafungua midomo wengine. Mke aliyeficha amepewa talaka. Mtu aliyekuwa akiogopwa kijiji kizima amekufa au amefilisika. Mtoto aliyekuwa na miaka tisa sasa ana thelathini na anakumbuka nani aliingia nyumbani na viatu vyenye matope.

Tatizo ni kwamba mahakama humpa uzito shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo, na humtilia shaka aliyekaa kimya bila sababu. Haitoshi kuandika "niliogopa". Aeleze alimwogopa nani, alitishwa lini, kwa maneno gani, na nini kimebadilika mpaka leo anasema. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015 ipo kwa ajili ya watu kama hao, nayo hutumika kidogo kuliko inavyostahili.

Shahidi wa zamani huachwa aseme yote anayoyakumbuka kwanza, kabla hajasomewa maelezo yake ya awali. Akisomewa mwanzo, atayakariri. Wala mashahidi wasikusanywe pamoja. Kisa kilichosimuliwa miaka 20 kwenye baraza la kahawa huwa kisa kimoja chenye wasimulizi kumi, na kila mmoja ataapa aliona.

Pwani kuna faida nyingine: kumbukumbu za watu zimefungwa kwenye mwezi na maji. Mzee hatataja tarehe, atasema ilikuwa Mfungo Tatu, yaani mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, siku ya nne. Hiyo hugeuzwa kuwa tarehe kamili, na tarehe hiyo hutoa hali ya mwezi angani. Mwezi wa siku ya nne huzama mapema, kati ya saa tatu na saa nne usiku. Basi aliyeapa kwamba saa sita usiku alimtambua mtu kwa mbalamwezi hakumtambua kwa mbalamwezi. Mahakama ya Rufani tangu mwaka 1980 inadai kujua mwanga ulikuwa wa nini, umbali ulikuwa gani, shahidi alimtazama kwa muda gani na kama alimjua kabla. Koroboi ya mwaka 1998 haipimiki tena. Mwezi unapimika. Maji vilevile: jedwali la kujaa na kupwa hukokotolewa kwa kurudi nyuma, na kama ilikuwa bamvua, ambapo kwetu maji hupanda mita tatu na zaidi, mwili uliookotwa mkavu kwenye mikoko asubuhi haukulala hapo tangu jioni.

Shahidi akiwa amekufa, maelezo aliyoyaandikisha polisi yanaweza kupokelewa, lakini kwa masharti ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, likiwemo kwamba aliyatia sahihi na kwamba upande wa pili ulipewa nakala na nafasi ya kupinga. Karatasi isiyo na sahihi hufa pamoja na mwenyewe.

Mfano wa mipaka ya kazi hii uko Afrika Kusini. Ahmed Timol, mpinzani wa utawala wa kibaguzi, alifia mikononi mwa polisi Johannesburg mwezi Oktoba 1971, na uchunguzi wa 1972 ukasema alijirusha dirishani. Familia ilidai mpaka uchunguzi ukafunguliwa upya. Mwaka 2017 Jaji Billy Mothle, baada ya wataalamu kuyasoma upya majeraha yaliyorekodiwa wakati ule, aliamua kwamba aliuawa. Miaka 46 ilipita na kumbukumbu za maiti zilikuwa bado zinasema. Askari wa zamani aliyeshtakiwa mwaka 2018 alifariki 2021 bila kuhukumiwa.

Kufungua upya hakumtafuti mkosaji peke yake. Huko Leicester, Uingereza, mbinu ya vinasaba aliyoigundua Alec Jeffreys mwaka 1984 ilimsafisha kwanza kijana aliyekuwa amekiri kuua, ndipo muuaji halisi, Colin Pitchfork, akatiwa hatiani mwaka 1988. Kwetu hukumu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, na maombi ya mapitio Mahakama ya Rufani hupelekwa ndani ya siku 60, kwa sababu chache zilizotajwa kwenye kanuni. Anayechelewa huomba kwanza aongezewe muda. Baada ya hapo hubaki msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba.

Familia ifanye nini

Anzeni na namba ya jalada, ile yenye herufi IR na mwaka. Haipo? Tafuteni RB (namba ya taarifa mliyopewa kituoni), cheti cha kifo, kibali cha mazishi, au tarehe ya kupokelewa maiti hospitalini, iwe Bombo au kwingine. Barua iende kwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, nakala kwa wa Mkoa na kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, itaje jambo jipya moja au mawili: shahidi aliyepatikana, kitu kilichokuwa hakijapimwa. Barua ya kulalamika tu hujibiwa kwamba upelelezi unaendelea. Dai stempu ya kupokelewa kwenye nakala yenu.

Msiende kwa mpiga ramli. Jina litakalotoka huko halina matumizi yoyote mahakamani, na ramli chonganishi zimeshaongeza makaburi badala ya kuleta jibu. Wala msisambaze picha ya mnayemshuku kwenye makundi ya WhatsApp. Shahidi akishaiona hapo, gwaride la utambulisho halina maana tena.

Kama kuna kitu cha marehemu nyumbani, msikifue, msikifungue, msikihamishe kwenye sanduku lenye dawa ya nondo. Kitieni kwenye karatasi, andikeni ni nani aliyekitunza na tangu lini, na mkikikabidhi mpewe hati iliyotiwa sahihi. Simu ya marehemu msiichaji wala kuiwasha, hata kwa kutaka kuona picha zake, kwa kuwa kuiwasha hubadilisha kilichomo. Laini ya kabla ya usajili wa alama za vidole ulioanza 2019 inaweza kuwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, hivyo andikeni namba alizokuwa akitumia kadiri mnavyozikumbuka. Betri ikiwa imevimba, mwambieni askari kabla hajaiweka pamoja na karatasi na nguo.