Jamhuri dhidi ya Abunuwasi: dhana potofu kuhusu kesi ya darasani

Walimu wengi hapa Dar es Salaam wakisikia habari ya kumpandisha kizimbani mhusika wa hadithi, wanaiona ni burudani ya Ijumaa mchana. Mimi naiona ni kazi nzito ya kusoma na kufikiri, na kinachoikwamisha ni dhana zinazorudiwa bila kuchunguzwa.

Tuchukue kisa cha Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na nyingine ndogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akazipokea zote. Alipoazima tena hakurudisha. Alipofuatwa akasema imekufa.

"Kosa lake linajulikana, kesi ya nini?"

Watoto watapiga kelele: tapeli! Basi waandike hati ya mashtaka, waone kazi ilivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la wizi na kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, na hayafanani. Kwenye udanganyifu, uongo ndio unaomfanya mwenye mali aitoe. Uongo wa kifo ulikuja sufuria ikiwa tayari iko kwa Abunuwasi. Je, ule wa uzazi ndio uliomlainisha jirani akaazimisha tena? Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe. Wizi unashika vizuri zaidi, kwa kuwa sheria inamhesabu mwizi hata aliyekabidhiwa kitu kwa halali kisha akakifanya chake kwa nia ovu. Mtoto wa darasa la sita anayebishania tofauti hiyo amekisoma kisa kwa makini kuliko aliyejibu maswali kumi ya ufahamu.

"Wape maneno wayakariri, wasije wakaaibika."

Ukifanya hivyo umeandaa mchezo wa kuigiza, na kesi imekufa. Shahidi apewe maelezo yake tu, mawakili watunge maswali wenyewe. Utamu uko kwenye maswali ya dodoso, yale ambayo wakili wa Abunuwasi anamuuliza jirani aliyetoa ushahidi dhidi yake:

– Sufuria ndogo uliipokea?
– Niliipokea.
– Uliambiwa imetoka wapi?
– Kwamba yangu imezaa.
– Ulimwamini?

Hapo jirani amebanwa. Akisema ndiyo, amekubali kwamba sufuria huzaa, na kinachozaa hufa. Akisema hapana, alichukua kitu akijua si chake. Hakuna mwalimu anayeweza kuandika ukimya wa mtoto anayetafuta jibu pale.

"Utetezi uthibitishe kwamba mshtakiwa hana hatia."

Hili ndilo kosa baya kuliko yote, na watu wazima wanalo pia. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Mzigo uko kwa Jamhuri, tena pasipo kuacha shaka yenye mashiko. Wakili wa Abunuwasi anaweza asilete shahidi hata mmoja. Upande wa mashtaka ukifunga ushahidi wake, anaweza kuomba mahakama iseme hakuna kesi ya kujibu. Kwa hiyo mtoto anayemtetea tapeli msimcheke wala kumwona mkorofi. Anafanya kazi ambayo haki haikamiliki bila yake.

"Darasa letu lina watoto wengi mno."

Wengi wanawaza wale raia 12 wanaoamua kesi kwenye filamu za Marekani. Tanzania Bara hatuna utaratibu huo. Hakimu ndiye anayeamua, na hukumu yake lazima ibebe sababu. Basi wasio na nafasi mbele wagawe watatu watatu, kila kundi liwe mahakama na liandike hukumu yake. Karani, mpelelezi na waandishi wa habari wanaoripoti kutoka "Kisutu", kama ile mahakama ya hapa Dar es Salaam, nao wanahitajika.

"Kiingereza ndicho kinachoipa mahakama uzito."

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu.

"Mwishoni mwalimu atoe jibu sahihi."

Asitoe. Makundi mawili yakitofautiana, kila kundi lisomewe sababu za jingine. Na upande usioridhika ukate rufaa kwa maandishi: darasa la saba wakae kama Mahakama Kuu, wasome mwenendo wa kesi ulioandikwa na karani, waamue kwa kilichomo humo tu.