Diwani asiishie kwenye asilimia: fedha za stendi na mikopo ya vijana

Taarifa ya robo mwaka ikifika mezani, iwe Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, macho hukimbilia safu moja: "utekelezaji asilimia 85". Asilimia ya nini? Ya fedha zilizolipwa au ya kazi iliyofanyika? Hizo ni namba mbili tofauti, na ya kwanza ikiitangulia ya pili kwa mbali, mkandarasi hana tena sababu ya kurudi saiti.

Diwani aombe BOQ ya mkataba (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), hati ya malipo ya karibuni na karatasi ya vipimo iliyosainiwa na mhandisi, azisome pamoja. Tuseme BOQ ya stendi inadai zege la sentimita 15 kwenye mita za mraba 1,000, yaani mita za ujazo 150. Likimwagwa la sentimita 10, zimeliwa mita za ujazo 50, karibu mifuko 300 ya saruji, na kwa juu huoni kitu. Utaona mabasi yakianza kugeuza. Ziara ya kamati ya kutazama ukuta na kupiga picha haikamati wizi wa namna hii. Waende siku ya kumwaga zege, futi mkononi. Likishakauka, itabidi litobolewe.

Barabara ya kuingilia stendi mara nyingi ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na nauli za vifodi hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kumbana Mkurugenzi kwa hayo ni kumaliza kikao bure.

Kwenye ajira, fungu la kufuatilia ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa 2023, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Uliza makusanyo halisi ya robo, kisha kiasi kilichoingia akaunti ya mikopo. Halafu uliza marejesho, maana hapa ndipo hesabu hunenepeshwa: halmashauri inatangaza imekopesha milioni 400, kumbe 150 ni marejesho ya vikundi vya zamani na mchango mpya ni 250 tu. Kikundi kikisema kimenunua pikipiki tano, taka kadi tano na ulinganishe namba za chesisi na pikipiki zenyewe. Kikundi hewa huwa na muhtasari mzuri sana wa kikao.

Wapo wanaosema hayo ni ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Lakini ripoti yake ya mwaka ulioishia Juni 30 humfikia Rais mwishoni mwa Machi, ndipo iende bungeni, na hoja zifike LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, baadaye. Kufikia hapo kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hutakiwa kurekebisha kasoro, huenda kimekwisha, na ile sehemu ya malipo iliyozuiwa kwa ajili ya kasoro mkandarasi ameshaichukua. Baraza hukutana kila robo, na kamati ya fedha kila mwezi.