Desemba 28: Siku ya Watoto Mashahidi na mizaha yake

Kwetu siku ya kuingizana mkenge ni Aprili Mosi. Hispania, na nchi nyingi za Amerika ya Kilatini, huingizana mkenge Desemba 28, Sikukuu ya Watoto Mashahidi. Ndiyo siku Kanisa Katoliki linapowakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode (Mathayo 2:16), na padre huadhimisha Misa kwa mavazi mekundu, rangi ya mashahidi. Wengi hushangaa siku ya damu imekuwaje siku ya vicheko.

Sehemu ya jibu imo katika neno lenyewe. Kwa Kihispania, *inocente* ni asiye na hatia, na ni huyo huyo mwepesi wa kudanganyika. Kiswahili kina maneno mawili tofauti kwa maana hizo, ndiyo maana utani huu ukitafsiriwa unapoa. Aliyenaswa hupigiwa ukelele: “¡Inocente, inocente!” Ukelele huo ndio unaoufunga mzaha. Bila huo umemdanganya mtu tu.

Sehemu ya pili ni ya kale zaidi, nayo ndiyo ninayoiona ya maana kuliko zote. Katika makanisa makuu ya Ulaya ya zama za kati, siku baada ya Krismasi ziligawanywa kwa ngazi za watumishi: mashemasi walipewa Desemba 26, siku ya Stefano, mapadre Desemba 27, siku ya Yohane, watoto waimbaji wakapewa Desemba 28. Mtoto mmoja alichaguliwa awe askofu. Jioni ya kuamkia sikukuu, kwenye Masifu ya Jioni, utenzi wa Bikira Maria ukifika “Amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, na wanyonge amewakweza,” wakubwa waliondoka vitini na watoto wakakaa. Maneno yaliyoimbwa kila jioni mwaka mzima, siku hiyo yalitendwa. Mambo yalipozidi mipaka, Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Basel mwaka 1435 ulikataza michezo ya namna hii makanisani, na Uingereza Mfalme Henry VIII alimpiga marufuku askofu mtoto mwaka 1541. Mjini Burgos, Hispania, bado yupo.

Mtaani mzaha wa kawaida kabisa ni kikaragosi cha karatasi kinachobandikwa mgongoni. Wakatalunya, watu wa kaskazini-mashariki mwa Hispania, hukiita *llufa*. Kunja ukurasa wa gazeti katikati kwa urefu, chora nusu ya mtu (nusu kichwa, mkono mmoja, mguu mmoja) katikati ya mwili wake ikiwa kwenye mkunjo, kata, kisha kunjua. Sentimita 15 hadi 20 zinatosha. Karatasi ngumu ya daftari haifai, maana hugongagonga mgongo mtu akitembea na akashtuka mapema. Gazeti ni jepesi na hulala juu ya nguo. Kipande kidogo cha utepe wa gundi ni salama kuliko pini, ambayo hupenya shati jepesi na kuchoma. Kibandike kati ya mabega wakati unamsalimia kwa kumpiga mgongoni, maana hapo mkono wako hauna la kuulizwa.

Meksiko kuna mtego wa kuazima. Kitu ulichokiazimisha Desemba 28 mwazimaji hana deni la kukirudisha, naye hukusomea ubeti wa kumwita “kinjiwa” (njiwa mdogo) yule aliyekubali kudanganywa ilhali alijua leo hakuna kuazimishana. Wastaarabu hukirudisha pamoja na peremende au kijizawadi. Hapa watu hukosea kwa kuazima pesa ya kodi au dawa. Kitu kiwe kidogo, ambacho mwenyewe anaweza kukaa bila nacho mpaka kesho.

Magazeti nayo yalizoea kuchapa habari moja ya uongo, mara nyingine kwa jina la mwandishi kama Inocencio Santos, ili msomaji makini ashtuke, kisha kesho yake yakakiri. Mtandaoni desturi hii imeharibika: habari husambazwa bila tarehe wala jina, na ikifika Machi hakuna anayejua ilikuwa mzaha. Kwa maoni yangu vyumba vya habari vilivyoiacha vimefanya vizuri.

Mzaha mkubwa kuliko yote uko Ibi, mji wa viwanda vya vichezeo katika jimbo la Alicante. Kundi la wanaume, *Els Enfarinats*, yaani waliopakwa unga, hujipaka nyuso, huvaa sare za kubuni na “kuupindua” uongozi wa mji kwa siku moja. Hutangaza sheria za ajabu na kuzunguka wakiwatoza faini wanaozivunja. Fedha huenda kwenye hisani. Wapinzani huwashambulia uwanjani, nao hujibu kwa unga, mayai na fataki. Jioni vita huisha kwa ngoma. Desturi hiyo ilikatika, ikafufuliwa mwaka 1981.

Ukienda kutazama, vaa miwani ya kukinga macho na nguo usizozionea uchungu, na kamera itie kwenye mfuko wa plastiki, kwani vumbi la unga huingia kila upenyo. Usijaribu mchezo huo ndani ya ukumbi: vumbi la unga likijaa hewani mahali palipofungwa huweza kulipuka kwa cheche moja, wakati uwanjani upepo hulitawanya. Ukipigwa, usikimbilie maji ya moto. Yai huiva kichwani na unga hugeuka ugali, vikashikamana na nywele. Subiri unga ukauke, kung’uta kadiri uwezavyo, suuza kwa maji baridi mpaka ute wa yai uishe, ndipo utie sabuni.