Usonji hauonekani kwenye damu

Mzazi mwingine tena ameambiwa mtoto apimwe damu, nywele na MRI ya ubongo ili usonji (autism) "uthibitishwe". Hapana. Usonji unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto akicheza na kumhoji kwa kina anayeshinda naye. MRI ikitoka safi haiufuti, ikitoka na kasoro haiuthibitishi. EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, naagiza nikishuku kifafa, basi.

Hoja inayorudi kila mara ni hii: "Lakini nimesoma kuna kipimo chenye usahihi wa asilimia 90." Tukae hapa. Tuseme watafiti wamechukua watoto 50 wenye usonji na 50 wasio nao, kipimo kikapatia 45 kila upande. Ndiyo hiyo 90. Sasa kipeleke kwa watoto 1,000 wa mtaani, ambao tukadirie 10 kati yao wana usonji. Kitawanasa 9. Kwa wale 990 waliobaki kitakosea asilimia 10, yaani watoto 99. Jumla watoto 108 wamepewa jibu la "anao", na wenye usonji kweli ni 9. Mzazi mwenye karatasi hiyo mkononi, uwezekano kwamba mtoto wake kweli ana usonji ni kama asilimia 8. Kipimo ni kilekile, waliopimwa ndio wamebadilika.

Na hata hesabu hiyo ina huruma. Utafitini mara nyingi wenye dalili za wazi hulinganishwa na watoto wasio na tatizo lolote. Kliniki hailetewi watoto wa namna hiyo. Inaletewa aliyechelewa kusema, asiyesikia vizuri, aliyechelewa kukua kiakili. Kipimo kisichoweza kumtenga mtoto mwenye usonji na hawa hakinisaidii kitu.

Jeni, ndiyo, zina nguvu. Utafiti wa nchi tano uliotoka 2019, wenye watu zaidi ya milioni mbili, ulikadiria urithi kuwa asilimia 80 hivi. Namba hiyo inazungumzia tofauti kati ya watu katika jamii, haisemi chochote juu ya mtoto mmoja. Kipimo cha kromosomu na cha Fragile X (hitilafu ya kurithi ya jeni moja) vina maana kwa kutafuta chanzo baada ya utambuzi. Hata kipande cha kromosomu kiitwacho 16p11.2 kikikosekana, wapo wanaoishi hivyo bila usonji.

Cha kuanza nacho ni usikivu, halafu M-CHAT-R, dodoso la mzazi la kuchuja dalili za usonji: maswali 20, kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Wengi wanakosea kuhesabu. Kila "hapana" ni alama moja, isipokuwa swali la 2, la 5 na la 12, ambapo "ndiyo" ndiyo yenye alama. Ukisahau hayo matatu, mtoto anaweza kuhamia kundi lisilo lake. Alama 0 hadi 2, hatari ndogo. 3 hadi 7, rudia kwa mahojiano ya ufuatiliaji. 8 na zaidi, mpeleke moja kwa moja kwa uchunguzi kamili. Usiruke mahojiano. Mzazi akisema mtoto "ananyooshea kidole", uliza: ananyoosha ili apewe, au ili na wewe uone ndege inayopita? Ya pili ndiyo naitafuta.

Sitaficha kwamba nina mashaka na chombo hicho pia. Mipaka ya alama iliwekwa kwa watoto wa Marekani, na swali la michezo ya kuigiza linamtegemea mzazi aliyepata nafasi ya kukaa na kuutazama mchezo. Mtoto wa miaka miwili mwenye dalili hafifu, wataalamu wawili wazuri wanaweza kumwona kila mmoja kivyake.

Kipimo cha nywele kinanikasirisha kuliko vyote, kwa sababu kinafuatwa na dawa za "kuondoa metali". Mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki Pennsylvania akipewa dawa hizo kwenye mshipa: kalsiamu ya damu ilishuka, moyo ukasimama. Ukiuziwa karatasi ya nywele yenye rangi nyekundu na njano, usikubali dripu inayokuja nyuma yake.