Je, wajua kwa nini shamba lililoachwa mlimani huweza kumomonyoka kuliko linalolimwa?

Wengi huamini kwamba shamba likiachwa linapumzika. Sehemu tambarare zenye mvua ya kutosha mara nyingi ni kweli: magugu huota, mizizi hushika udongo, majani yakaoza. Mlimani hesabu ni nyingine, kwa kuwa shamba la huko mara nyingi limejengwa, na kilichojengwa hudai matunzo.

Tazama milima ya magharibi ya Yemen, kama Haraz. Kwa karne nyingi wakulima walipanga kuta za mawe bila saruji, wakajaza udongo nyuma yake, ngazi juu ya ngazi. Miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda, wanaume wengi walikwenda kutafuta kazi Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, na ngazi nyingi zikakosa wa kuzikarabati. Ukuta wa namna hii hupumua kwa nyufa zake. Tope laini likiziba nyufa, na mfereji wa pembeni ukijaa takataka, maji hukwama nyuma ya ukuta. Udongo uliolowa ni mzito, nao huusukuma ukuta mpaka unafura katikati. Linachomoka jiwe moja, kisha linabaki pengo. Mvua inayofuata, maji ya ngazi nzima hupita kwenye pengo hilo hilo, huanguka chini kwa nguvu na kuchimba mguuni mwa ukuta wa pili. Huo nao huanguka, na wa tatu hivyo hivyo, mpaka korongo lifike bondeni. Ubaya ni kwamba udongo unaoondoka ni mwingi kuliko ule ambao mteremko ungekuwa nao kama usingejengwa kabisa.

Na si kila ngazi inafaa kujengwa. Kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba ngazi kwenye udongo wa juu uliokuwa mwembamba. Jembe lilipindua udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, mazao yakadumaa. Ghasia za 1955 ziliuzika mpango huo.

Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wana njia yao: ngoro. Mvua zikikaribia kwisha, kuanzia Machi hivi, wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzipanga kwa mistari inayokatizana hadi mteremko wote uwe miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo huo. Hubaki shimo lenye upana wa karibu mita moja na nusu, limezungukwa na matuta pande zote nne. Maharage huota juu ya matuta. Novemba au Desemba mahindi hufuata hapo hapo bila kuchimba upya, na magugu ya palizi hutupwa shimoni. Mzunguko ukirudi, mashimo mapya huchimbwa pale matuta ya zamani yalipokutana, kwa hiyo tope na mboji vilivyotuama shimoni huwa sehemu ya tuta jipya. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye akili kubwa zaidi ya ngoro.

Lakini kazi hii inataka mikono mingi. Vijana wakihama, au nguvu zikielekezwa kwenye kahawa, kishawishi ni kuchimba mashimo mapana yenye kina kifupi, au kubadili kabisa na kulima matuta ya kushuka na mlima. Shimo la kina kifupi hufurika upesi. Likivunja tuta lake, hujaza la chini yake, na mashimo yaliyokuwa yakizuia maji sasa yanayapokezana. Matuta ya kushuka ni mabaya zaidi, maana kila mfereji kati yake ni njia iliyonyooka ya maji.

Kuna mahali ambapo kuacha kulisaidia kweli. Kondoa, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulioanza 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979 katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limechimbika makorongo. Nyasi na vichaka vilirudi. Kilichoondolewa pale kilikuwa kwato na midomo; hapakuwa na kuta za kuangalia.

Anayelazimika kuacha shamba la mteremko aanze na maji. Azibue mifereji na kuielekeza kwenye njia yenye nyasi, apande mabingobingo kwenye kingo za matuta wakati mvua bado zipo, na azuie mifugo mpaka nyasi zifunike ardhi. Pengo likishatokea, ukarabati huanza juu, maji yanakotoka. Ukiziba mdomo wa korongo peke yake, mvua kubwa ya kwanza itazunguka kizuizi na kuchimba njia mpya kando yake.