WITCH na Zamrock: tunayoyasema Mbeya na yaliyotokea kweli

Kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma ni kilomita 100 hivi, na ukishavuka kuingia Nakonde uko kwenye nchi iliyozaa Zamrock, muziki wa magitaa makali uliotikisa miji ya migodi ya Zambia miaka ya 1970. Bendi yake iliyopata jina kuliko zote ni WITCH. Huku kwetu wazee wachache wanaikumbuka, vijana wanaigundua YouTube, na katikati yao kumejaa maneno ambayo hakuna aliyejisumbua kuyahakiki. Muziki huu naupenda kwa moyo wote, na inaniuma kwamba majirani wa karibu namna hii tunawajua kwa uvumi wakati habari za wanamuziki wa London tunazijua kwa mpangilio. Nayachukua basi yale yanayosemwa sana.

"Jina lenyewe linaonyesha walikuwa na mambo ya kichawi"

Hili halihitaji muda mrefu. Jina huandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu ni kifupisho cha We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuleta vurumai. Walikuwa vijana wa mjini, wenye afro, bugaluu na raizoni, waliotaka ukumbi ulipuke wakipanda jukwaani. Wasikilize wanaimba nini: mapenzi, upweke, uvivu, maisha ya mtaani. Mganga hayumo.

"Roki ni ya Wazungu, Wazambia waliiga tu"

Hili ndilo nalisikia zaidi, na mara nyingi linasemwa kwa upole kabisa: "Kaka, huu si muziki wetu." Tuanzie mbali kidogo. Waliotangulia kuujenga mtindo huu kule Marekani walikuwa watu weusi: Sister Rosetta Tharpe aliyepiga gitaa la umeme kwa nyimbo za kanisani, kisha Chuck Berry na Little Richard miaka ya 1950. Vijana wa Uingereza waliuchukua kwao, na Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi, akaufikisha mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameufikisha. Kwa hiyo kijana wa Kitwe, mji wa migodi wa Zambia, alipoweka santuri ya Hendrix kwenye gramafoni, alichokuwa anakisikia kilikuwa na asili ndefu kuliko jalada lilivyoonyesha.

Ni kweli kwamba waliiga mwanzoni, na hawakuficha. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda alipewa jina la Jagari, Mick Jagger aliyetiwa ladha ya Kiafrika. Bendi za Copperbelt, ule ukanda wa migodi ya shaba, zilianza kwa kupiga nyimbo za Rolling Stones, za Deep Purple na za James Brown kwa sababu ndizo wateja walizozitaka. Lakini sikiliza kilichotokea walipoanza kutunga. Safu iliyojulikana ilikuwa ya watu watano: Jagari kwenye sauti, Chris Mbewe aliyeitwa Kims kwenye gitaa la solo, John Muma kwenye gitaa la rhythm, Gedeon Mwamulenga kwenye besi (jina ambalo hakuna mtu wa Rungwe atakayeuliza linatamkwaje) na Boidi Sinkala kwenye ngoma. Besi ya Mwamulenga haikai nyuma kumsindikiza mwenye solo. Inatembea, inajibu, inamsukuma mpiga ngoma. Ngoma nazo zina mdundo wa kuchezeka ambao bendi nyingi za Uingereza za wakati ule hazikuwa nao. Albamu yao ya kwanza, Introduction, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, inatajwa kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara ya bendi ya Zambia. Ikafuata In the Past, kisha Lazy Bones!! ya 1975, na hiyo ndiyo naiona kilele chao.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family waliimba kwa lugha za nyumbani, juu ya ndoa, ulevi na ugumu wa maisha, na gitaa lake aliweza kulipiga kwa meno. Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya walikwenda kurekodi Nairobi na kuchanganya gitaa la fazi, yaani la sauti ya kukwaruza, tarumbeta na ngoma za asili. Bendi ya Amanaz ilitoa albamu yake Africa mwaka 1975. Serikali nayo ilikuwa na mkono wake: Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Agizo la namna hiyo haliwezi kumpa mtu kipaji, lakini lilimpa mwenye kipaji nafasi ya kusikika nchi nzima.

"Roki ya saikedelia ni muziki wa dawa za kulevya"

Zamrock ilichota mengi kwenye saikedelia, roki ya sauti zilizopindwa kama za ndotoni. Mtindo huo ulipozaliwa California na Texas katikati ya miaka ya 1960, dawa ya LSD ilihusika kweli, na hakuna haja ya kukataa. Ila sauti yenyewe, ile inayokufanya uhisi gitaa linayeyuka, inatoka kwenye vifaa, na fundi yeyote wa redio anaweza kukuonyesha inavyotengenezwa.

Nenda kwa mafundi wa jirani na soko la Mwanjelwa, muombe mmoja akuwekee wimbo kwenye spika iliyochanika karatasi. Sauti itakwaruza na kuvuma. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichana spika yake kwa wembe makusudi ili aupate mkwaruzo huo. Baadaye kikaja kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, pedali ya fazi: ndani yake transista chache zinakuza mawimbi ya sauti kupita uwezo wake, vilele vyake vinakatwa, na noti moja laini inatoka ikiwa nene yenye miiba. Pedali ya wawa inafanya kazi nyingine. Mguu ukishuka, sauti kali inapewa nafasi; ukipanda, nzito inarudi, na gitaa linaonekana kama lina mdomo unaofunguka na kufunga. Ongeza mwangwi wa utepe, na umepata karibu kila kitu unachokisikia kwenye Lazy Bones!!

Sauti hiyo ilisafiri ndani ya santuri hadi Zambia, bila kuhitaji kubebwa na kitu kingine. Kumwita mwanamuziki mlevi kwa sababu ya pedali aliyokanyaga ni kumwonea.

"Walivunjika kwa ugomvi na umaarufu"

Hapa ndipo nataka msomaji wa nyanda za juu kusini atulie, kwa sababu habari hii inapita mlangoni kwetu.

Zamrock ilisimama juu ya shaba. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya Zambia ya kuuza nje yalitoka kwenye shaba, na mishahara ya migodini ndiyo iliyonunua tiketi, bia na santuri. Wapo watu wa kwetu waliokuwa sehemu ya maisha hayo: Wanyakyusa walikwenda kwa wingi kutafuta kazi kwenye migodi ya Copperbelt tangu enzi za mkoloni, na familia nyingi za Rungwe na Kyela zina babu au mjomba aliyeishi huko. Wanamwanga wao wako pande zote mbili za mpaka.

Januari 1973 serikali ya Ian Smith ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilifunga mpaka wake na Zambia, na Kaunda akagoma kuutumia tena mpaka 1978. Njia ya kusini ikafa. Shaba ikaelekezwa kwetu, kwa malori kwenye barabara kuu, kisha kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Tatizo ni kwamba kabla treni hazijazoea njia, shaba yenyewe ilikuwa imeanguka. Bei yake ilipanda sana mapema mwaka 1974, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Mafuta nayo yalikuwa yamepanda tangu vita vya Mashariki ya Kati vya 1973. Wale wa Mbeya wanaosema TAZARA ilikuja na neema tupu wakumbuke kwamba upande wa pili ilikuta nchi inayohesabu senti.

Kwa bendi, uhaba wa fedha za kigeni una maana ya kushikika. Nyuzi za gitaa zinatoka nje. Vali za ndani ya amplifaya zinatoka nje, ngozi za ngoma zinatoka nje, malighafi ya santuri inatoka nje. Mfanyakazi wa mgodini naye akianza kubana matumizi, ukumbi ndio wa kwanza kukatwa. Zaidi ya hapo kulikuwa na vita. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru, na majeshi ya Rhodesia yakawafuata humo ndani. Mwaka 1979 majeshi hayo yalilipua hata daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, reli hiyohiyo inayopita Mbeya. Palipo na amri ya kutotembea usiku na taa kuzimwa, muziki wa usiku unakufa. Maonyesho mengine yalihamishiwa mchana. Juu ya yote zikaja kanda: mtu mmoja ananunua santuri, mia wanarekodi.

Jagari aliondoka mwaka 1977 hivi na kwenda kusomea ualimu. Alikuwa na familia ya kulisha, na muziki haukuwa unalisha tena. Nimesoma watu wakiliita hilo usaliti. Mimi naliona ni uamuzi wa baba mwenye akili timamu.

Wengi pia husema bendi ilikufa siku hiyo. Haikufa. Iliendelea na sura mpya, akiwemo Patrick Mwondela kwenye kinanda, ikageukia disko na fanki na kutoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Anayedharau albamu hizo kwa kuwa hazina fazi ajaribu kuzisikiliza usiku kwenye spika nzuri.

Kilichoimaliza kweli safu ya awali ni kifo. Ukimwi uliingia Zambia kwa kishindo miaka ya 1980. Kaunda alimpoteza mwanawe Masuzyo mwaka 1986 na mwaka uliofuata akatamka hadharani chanzo chake, jambo ambalo viongozi wachache sana walithubutu wakati huo. Kizazi cha Zamrock kilifagiliwa. Kati ya wale watano niliowataja, amebaki Jagari peke yake. Huku kwetu, ambako utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulizikuta Njombe, Iringa na Mbeya zikiongoza kwa maambukizi, Njombe ikizidi asilimia 11, naamini kila ukoo unajua pengo la namna hiyo linavyokaa. Ndiyo maana neno "ugomvi" linanikera. Linawafanya marehemu waonekane watu waliochezea bahati.

"Upande wa Tanzania hakukuwa na kitu kama hicho"

Kulikuwa nacho, kwa kiasi. Dar es Salaam ilikuwa na Afro 70 ya Patrick Balisidya, na ilikuwa na Sunburst, waliopiga roki ya Kiafrika hasa na kutoa albamu Ave Africa mwaka 1976. Lakini siasa zilikuwa tofauti. Mwaka 1969 ndiyo Operesheni Vijana, kampeni ya umoja wa vijana wa TANU, ilikuwa inawinda vimini na suruali za kubana, na mwishoni mwa mwaka huohuo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam.

Bendi zetu nyingi zililelewa na mashirika na taasisi. Mfano mzuri uko Iringa: Tancut Almasi, bendi ya kampuni ya kukata almasi, iliyowapa mashabiki wa dansi wa miaka ya 1980 mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Bendi ya shirika ina vyombo na mshahara, lakini uhai wake unafuata hesabu za shirika. Muziki wetu wa dansi ulitegemea ofisi, wa Zambia ulitegemea bei ya shaba, na sioni wa kumcheka mwenzake.

"Walisahauliwa mpaka Wazungu walipowafufua"

Nusu yake ni kweli. Kampuni za nje, hasa Now-Again ya Marekani, ziliitoa upya kazi yao ya miaka ya 1970, na filamu ya maisha yao ikatoka 2019. Jagari, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mchimbaji mdogo wa vito, alirudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani pamoja na Mwondela na wapigaji vijana wa Uholanzi. Bila hao tungekuwa tunasikiliza kanda zilizofifia.

Lakini Zango, albamu ya 2023, ilirekodiwa Lusaka, ikiwa na sauti za Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo na rapa mzaliwa wa Zambia, Sampa the Great. Mwaka 2025 ikafuata Sogolo. Huo ni muziki wa watu walio hai, unaotengenezwa na kizazi ambacho hakikuwepo bugaluu zilipovaliwa.

Kwa anayeanza, ningeshauri Lazy Bones!! ya 1975 kwanza, yote, kwa mfululizo wake. Kisha Lukombo Vibes ya 1976, ambapo fazi inapungua na midundo ya nyumbani inasogea mbele. Fuatilia besi tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo nenda kwa Paul Ngozi, na kama una shangazi au mjomba aliyeishi Copperbelt, mpelekee simu akutafsirie anachoimba.